Uzito Rasmi wa Kikombe cha Karanga

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa mamlaka iliyopewa, Idara ya Uwianishaji wa Vipimo vya Jikoni ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kikombe kimoja cha karanga kitakuwa na uzito wa gramu sitini na mbili. Waraka ulifafanua kuwa uzito huo ni mmoja kwa karanga nzima, karanga zilizokatwakatwa na karanga zilizosagwa, ili kuondoa ubaguzi. Ulimalizia kwa kuzitaka karanga zote zizingatie.

Waraka ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwenye lifti mbovu, kwenye mlango wa choo cha wageni, na mwisho, kwa gundi nyingi kupita kiasi, kwenye ukuta wa kantini, karibu kabisa na Cheti cha Upishi cha Shangazi.

Shangazi alikuwa mpishi wa Idara kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini, lakini mtu akishakulisha muda wote huo unaona haya kumwita "Bi Mpishi". Cheti chake alikipata akiwa na miaka hamsini na moja, baada ya miaka miwili ya madarasa ya jioni, akibanana dawati moja na mabinti waliomwita mama na kumnakilia majibu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alikifuta vumbi kile cheti kwa ncha ya aproni, akasali sala fupi, ndipo akagusa sufuria.

Jumatatu hiyo alisoma waraka mara mbili. Madarasa ya jioni yalikuwa yamemfundisha kusoma kitu mara mbili kabla ya kukasirika. Kisha akachukua kikombe chake cha bati la buluu, kilichobanduka rangi mdomoni, akakijaza karanga, akakisawazisha kwa mgongo wa kisu, akazimimina kwenye mzani.

Gramu mia moja arobaini na tano.

Akakatakata nyingine, akajaza kikombe kile kile. Mia moja ishirini na tano. Akasaga nyingine, akazijaza bila kuzishindilia. Mia moja.

"Hizi karanga hazijasoma waraka," alisema, na akaendelea kupika keki ya chai ya saa nne kama alivyoipika siku zote, vikombe vinne kwa trei.

Inafaa kueleza namba sitini na mbili ilivyopatikana, maana haikuokotwa barabarani. Idara ina mabawa mawili. Bawa la mashariki ni Kurugenzi ya Ujazo, ambayo hujaza vikombe. Bawa la magharibi ni Kurugenzi ya Uzito, ambayo hupima kilichojazwa. Mtu mmoja kujaza na kupima ni mgongano wa maslahi. Kati ya mabawa hayo kuna korido ndefu yenye meza sita za maofisa, na mwishoni, kama cheo kinavyostahili, ofisi ya Mkurugenzi. Wakati wa utafiti, kikombe kilijazwa mashariki, kikapandishwa juu ya toroli la mafaili, na tarishi akakisukuma kwenda magharibi. Kila meza kilisimama. Ofisa alitakiwa kukihakiki kwa macho, kwa mkono na kwa ulimi, kisha asaini daftari la makabidhiano. Wa mwisho kusaini alikuwa Mkurugenzi.

Utafiti ulifanyika mara mia moja na ishirini, vikombe vinane kwa siku, siku kumi na tano za kazi. Matokeo yalisisimua. Iligundulika kwamba karanga huwa nyepesi sana saa nne kasoro asubuhi, kabla ya chai, na huwa nzito kiasi saa nane mchana, watu wakishashiba. Iligundulika pia kwamba karanga huzidi kupoteza uzito kadiri mwisho wa mwezi unavyokaribia. Wataalamu waliliita jambo hilo Upungufu wa Mwendo, wakatafuta wastani, wakapata sitini na mbili, wakapeana mikono.

Tarishi aliyesukuma toroli alikuwa mzee mwenye goti bovu, aliyebakiza miezi michache astaafu. Walimwita Babu Toroli. Jumanne alikuja kunywa chai yake jikoni kwa Shangazi, kama kawaida yake, mguu mbovu ameunyoosha juu ya gunia la unga.

"Babu, hebu niambie ukweli," Shangazi alisema. "Kile kikombe cha utafiti kikiondoka mashariki kilikuwa kimejaa?"

"Kimejaa mpaka kinachungulia."

"Na kikifika magharibi?"

Babu Toroli alipuliza chai. "Kinalia kama kengele ya mbuzi, dada."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Kila mtu amesaini. Mimi mwenyewe sikugusa, meno niliyamalizia kwenye utumishi wa umma. Zile meza sita wanahakiki kidogo kidogo, vidole vitatu hivi. Kwa Mkurugenzi ndiko kuna uhakiki wa kina."

"Wa kina vipi?"

"Anahakiki kwa kiganja."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Alidhani jambo lenyewe ni la kuchekwa, na kicheko hicho kilimtosha mpaka Ijumaa.

Ijumaa alasiri Bwana Stoo alifika dirishani akiwa na kikokotoo mkononi na uso wa msiba. Bwana Stoo alikuwa mtu mwadilifu. Hakuwahi kumpa mtu kitu bila fomu, hata salamu aliitoa kama anayetafuta mahali pa kugonga muhuri.

"Shangazi, wiki hii ulichukua karanga kilo tisa na gramu mia tatu."

"Ndiyo, baba. Wiki ya uzinduzi, wageni walikuwa wengi."

"Kwa kipimo rasmi, hizo ni vikombe mia moja na hamsini."

"Kwa kipimo cha nani?"

"Rasmi. Ulipika trei ngapi za keki?"

"Kumi na sita. Kila trei vikombe vinne. Jumla sitini na vinne. Na konzi moja ndogo ilimwagika sakafuni Jumatano, nimeiandika hapa, ona."

Bwana Stoo alibofya taratibu, kama mtu anayebofya jipu la mwenzake. "Mia na hamsini, toa sitini na vinne. Themanini na sita." Akashusha sauti. "Shangazi, vikombe themanini na sita vya karanga viko wapi?"

"Havipo."

"Hilo ndilo ninalolisema."

"Havipo kwa sababu havijawahi kuwepo!"

"Hiyo utaieleza kamati. Hizo ni trei ishirini na moja na nusu za keki, Shangazi. Hata ungekula na ukoo wako wote, usingezimaliza."

"Na hiyo nusu nimeipikia wapi? Kwenye trei iliyokatwa?"

"Usinitanie. Unajua nakuheshimu. Ila namba haina shangazi."

Kabla ya saa kumi barua ilikuwa imeandikwa, imegongwa muhuri na kusomwa na watu wote isipokuwa mwenyewe. Ilisema kwamba mtumishi yeyote atakayethibitika kupoteza karanga za Idara atazirejesha kikombe kwa kikombe, kwa mkono wake mwenyewe, dirishani mwa kantini, mbele ya shuhuda na kwa daftari, kisha atafikiriwa kuachishwa kazi. Ikiwa ni mpishi, cheti chake kitafutwa. Kesi ingesikilizwa Jumatatu.

Mkurugenzi aliileta barua yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na kila alipotaka mazungumzo yaishe alisema "nukta". Kwa hiyo watu walimwita Bwana Nukta, akiwa hayupo. Alipanda juu ya kiti cha kantini, akakishusha kile cheti kwa mikono yake, akakitia kwapani.

"Ni utaratibu tu, Shangazi. Tunakihifadhi."

"Kimekosa nini hicho, Mheshimiwa? Hakijapika."

"Ni utaratibu. Nukta."

Ukutani pakabaki msumari na mraba mweupe mahali ambapo moshi haukuwahi kufika. Shangazi aliutazama mraba ule mpaka maji yakamwagikia jiko. Bila cheti, hakuna jiko ambalo lingempokea. Na jina la mwizi likishamshika mpishi halishuki kwa sabuni. Watu wanaanza kukitazama kijiko chako kabla hawajakitazama chakula.

Nyumbani, Jumamosi, mumewe alikuwa kwenye cherehani yake barazani, akipunguza suruali ya mteja. Alimsikiliza mkewe bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Mama watoto, kwani umeiba?"

"Sijaiba hata punje!"

"Basi kula chakula chako."

"Kitapitaje kooni naitwa mwizi?"

Mume akakata uzi kwa meno. "Mimi, kitambaa kikiondoka dukani mita tatu na kikanifikia mita mbili, sigombani na futi yangu. Namuuliza aliyekileta, ulipitia wapi?"

Shangazi akasogeza sahani, akala, akaomba kuongezewa. Baadaye akamwomba mumewe kipande cha uzi mgumu, ule wa kushonea vifungo vya makoti.

Jumapili alipiga magoti kando ya kitanda. "Ee Mungu wangu," alisema, "wewe unajua sijaiba. Lakini hawa hawakuulizi wewe, wanauliza waraka. Nipe utulivu. Nifunge mdomo pale nitakapotaka kutukana. Na kama haitakuwa usumbufu, mpe Mkurugenzi aibu kidogo, ya kumtosha. Amina." Alipokwisha kusimama alilifikiria lile ombi la mwisho, akaona si jema, akapiga magoti tena akalifuta. Jioni alilirudisha.

Jumatatu saa tatu kamati iliketi. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti, Bwana Stoo mlalamikaji, na pembeni alikaa Mkaguzi kutoka Makao Makuu, mama mfupi mwenye miwani na begi lililochakaa. Mkaguzi alikuwa amekuja kuona kama Idara inastahili Tuzo ya Ubunifu kwa ule utafiti wake wa karanga. Mkurugenzi aliona vema akaribishwe kwenye kesi, ili aone jinsi Idara isivyocheza.

Bwana Stoo alisoma mashtaka. Alipofika kwenye trei ishirini na moja na nusu sauti yake ilitetemeka, maana na yeye aliipenda ile keki.

"Mtuhumiwa una la kusema?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nina ombi, Mheshimiwa. Tupime kikombe kimoja."

"Kimepimwa mara mia moja na ishirini."

"Basi ya mia moja ishirini na moja haitamchosha mtu."

"Mimi ningependa kuona," Mkaguzi alisema. "Ndicho kilichonileta."

Mkurugenzi aling'aa. "Kwa heshima ya mgeni wetu, na kipimwe!"

"Na kifunikwe," Shangazi aliongeza.

"Kifunikwe kwa nini?"

"Waraka wa Usafi namba nne, Mheshimiwa. Chakula chochote kinachosafirishwa koridoni kifunikwe. Umeusaini wewe. Uko ukutani kwangu tangu mwaka juzi, na gundi yake bado inashika."

Mkurugenzi hakuweza kuupinga waraka mbele ya Makao Makuu, hasa waraka wake. Msafara ukaondoka. Kule mashariki, ofisa wa Ujazo alitoa Kikombe Rasmi, kikiwa bado kitupu. Shangazi akaweka pembeni yake kikombe chake cha buluu, vikapimwa kwa maji, vikalingana tone kwa tone. Kisha Kikombe Rasmi kikafutwa, ofisa akakijaza karanga na kukisawazisha, kikafunikwa kwa karatasi safi, kikafungwa kwa uzi wa vifungo vya makoti, na juu ya fundo Mkurugenzi mwenyewe akagonga muhuri, akijisikia kuwa amefanya jambo la kihistoria.

Babu Toroli akasukuma. Nyuma yake alitembea Mkaguzi, nyuma ya Mkaguzi Mkurugenzi, na nyuma kabisa Shangazi, midomo ikicheza kwa sala.

Meza ya kwanza, ofisa wa Masijala alinyoosha mkono bila kuinua macho kutoka kwenye faili. Vidole vikagonga karatasi. Akaitazama.

"Sasa hii naihakiki vipi?"

"Kwa macho," alisema Babu Toroli.

"Macho yenyewe hayaoni kitu."

"Basi saini kwamba hukuona kitu. Si ndivyo siku zote?"

Ofisa wa meza ya pili aliinama akanusa. Wa tatu aligongagonga kifuniko kama anayechagua tikiti sokoni. Wa tano aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, utaratibu umebadilishwa lini na kwa nini vyama vya wafanyakazi havikushirikishwa. Lakini wote walisaini, na toroli likafika magharibi, na ofisa wa Uzito akaweka kikombe kwenye mzani, akatoa uzito wa kikombe chenyewe, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Gramu mia moja arobaini na saba."

"Toa karatasi na uzi," Mkaguzi alisema.

"Karatasi na uzi ni gramu mbili. Karanga mia moja arobaini na tano."

Watu walikohoa. Mkurugenzi alishika ndevu zake, akafikiri kwa muda unaolingana na cheo chake.

"Ni dhahiri," alisema, "kwamba kifuniko huongeza uzito."

"Kifuniko ni gramu mbili, Mheshimiwa."

"Huo ni uzito wake wa moja kwa moja. Upo na usio wa moja kwa moja. Napendekeza iundwe kamati ndogo ya vifuniko. Nukta."

Mkaguzi aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Kisha akaomba kikombe kile kile kirudishwe mashariki kikiwa kimefunikwa, kifunguliwe kule mbele yake, na kipite tena koridoni kikiwa wazi.

Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi. Chai ilikuwa haijatoka, kwa kuwa mpishi alikuwa kwenye kesi, na zile meza sita zilikuwa zimenusa kifuniko tu tangu asubuhi. Uhakiki ulifanyika kwa moyo wote. Masijala alihakiki mara mbili, akisema mara ya kwanza hakuwa makini. Wa tano alihakiki kwa niaba ya chama cha wafanyakazi. Na msafara ulipoupita mlango wa mwisho, Mkurugenzi, aliyekuwa akimweleza Mkaguzi juu ya uadilifu wa watumishi wake, alinyoosha mkono bila kukatiza sentensi, akachota kiganja kimoja kilichojaa, akasaini, akaendelea na uadilifu huku akitafuna.

"Gramu hamsini na moja," alisema ofisa wa Uzito.

"Umeona?" Mkurugenzi alimgeukia Mkaguzi na kumeza. "Upungufu wa Mwendo."

"Mheshimiwa," Mkaguzi alisema kwa upole, "una kipande cha Mwendo kwenye ndevu."

Waliporudi ukumbini hakuna aliyeketi vizuri. Shangazi aliomba daftari la makabidhiano na penseli. Hesabu za uwiano ndizo zilizomtoa jasho kwenye madarasa ya jioni kuliko kitu kingine chochote, na mwalimu wake alikuwa akimwambia asiogope namba kubwa, aikate vipande kama nyama. Aliikata vipande.

"Kikombe kikitoka mashariki ni mia moja arobaini na tano. Kikifika magharibi, kwa wastani wenu, ni sitini na mbili. Zilizopungua njiani ni gramu themanini na tatu. Mmefanya mara mia moja na ishirini." Aliandika, akafuta, akaandika. "Gramu elfu tisa mia tisa na sitini. Karibu kilo kumi. Baba, nisaidie kwa hicho kikokotoo chako, kwa kipimo rasmi ni vikombe vingapi?"

Bwana Stoo alibofya. Alibofya tena. Aliinua uso akiwa amepauka.

"Mia moja na sitini. Na ushei."

"Ushei nauacha. Mheshimiwa Mwenyekiti, vikombe mia moja na sitini vya karanga viko wapi?"

"Havipo!" alisema Mkurugenzi.

"Hilo ndilo ninalolisema."

"Lakini sisi tulihakiki! Tulihakiki kwa mujibu wa kanuni! Kila mtu amesaini!"

"Ni kweli," Mkaguzi alisema, akifunua kurasa. "Wewe ndiye wa mwisho kusaini, mara zote mia moja na ishirini. Na kwenye safu ya njia iliyotumika umeandika 'ulimi'. Mwandiko mzuri sana." Akafungua kurasa nyingine. "Na kanuni zenu zinasema aliyesaini mwisho ndiye mwenye kuwajibika. Hii nayo umeiandika wewe?"

Mkurugenzi alimtazama Bwana Stoo. Bwana Stoo alikitazama kikokotoo chake kama mtu anayeaga.

"Namba haina mkurugenzi, Mheshimiwa," alinong'ona.

Hapo ndipo Mkaguzi alipochukua ile barua ya Ijumaa na kuisoma kwa sauti, polepole, kuanzia "mtumishi yeyote" mpaka "mbele ya shuhuda na kwa daftari". Ilikuwa barua iliyoandikwa vizuri. Haikuacha upenyo.

Jasho lilimtoka Mkurugenzi mpaka kola ikabadilika rangi. Aliinama sikioni mwa Bwana Stoo, lakini mtu mwenye shingo nene hanong'oni vizuri, na ukumbi mzima ulimsikia.

"Hebu niambie. Kama kikombe kingekuwa gramu mia na arobaini na tano, zile zingekuwa vikombe vingapi?"

Bofya, bofya. "Sitini na tisa, Mheshimiwa. Kasoro kidogo."

Kutoka mia moja na sitini hadi sitini na tisa. Mkurugenzi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba kwa mamlaka aliyopewa, na baada ya utafiti wa kina uliofanyika asubuhi hiyo, kuanzia dakika hiyo kikombe kimoja cha karanga nzima kitakuwa na uzito wa gramu mia moja arobaini na tano.

"Nukta!" alisema, na akaketi kama mtu aliyevuka mto.

"Zilizokatwakatwa je?" Shangazi aliuliza.

"Wewe unasema ngapi?"

"Mia moja ishirini na tano. Zilizosagwa mia moja, kama hujazishindilia."

"Iandikwe hivyo hivyo."

"Asante, Mheshimiwa." Shangazi alimgeukia Bwana Stoo, na sauti yake ilikuwa laini kama siagi iliyosahauliwa mezani. "Sasa, baba, zile kilo zangu tisa na gramu mia tatu ni vikombe vingapi?"

Bofya. "Sitini na vinne."

"Na nilipika?"

"Sitini na vinne."

"Na inabaki ngapi?"

"Gramu ishirini."

"Hiyo ndiyo ile konzi ya Jumatano."

Mkurugenzi alifungua kinywa. Alikuwa ameshasaini. Makarani walikuwa tayari wamepata gundi.

Cheti kilirudishwa siku hiyo hiyo. Mkaguzi alishauri kwamba aliyekishusha ndiye akipandishe, kwa ajili ya kumbukumbu. Mkurugenzi alipanda juu ya kiti kile kile, akakitundika upande, akashuka, akapanda tena, kwa kuwa Shangazi alisimama chini akielekeza kwa mwiko: kulia kidogo, umezidisha, rudi. Kuhusu Tuzo ya Ubunifu, Makao Makuu yalisema bado yanatafakari. Kuhusu kuachishwa kazi, yalisema yatalitazama suala hilo Mkurugenzi akishamaliza vikombe vyake.

Ikapangwa vikombe vitatu kwa siku, saa nne asubuhi, wakati wa chai, ili mashuhuda wasikosekane. Hawakukosekana. Foleni ilianzia dirishani ikapita meza zote sita, kila mtu na kikombe chake kitupu, na mbele kabisa alisimama Mkurugenzi na mfuko wa karanga alizokaanga mkewe.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Alimimina karanga kwenye kile kikombe cha buluu kilichobanduka mdomo. Shangazi alikisawazisha kwa mgongo wa kisu, akakigonga mezani mara mbili, taratibu. Karanga zikajipanga, zikashuka, na juu pakabaki nafasi ya kidole kizima. Kugonga huko hakukuwemo kwenye waraka wowote. Shangazi alikuwa ameshamwomba Mungu msamaha mapema asubuhi, ili jambo hilo lisimcheleweshe kazini.

"Lakini kilikuwa kimejaa!" Mkurugenzi alilalamika siku ya kwanza.

"Kilikuwa kimejaa hewa, Mheshimiwa. Ongeza."

Akaongeza. Babu Toroli, aliyeteuliwa kuwa shuhuda mkuu kwa sababu ya ukosefu wake wa meno, akaandika kwenye daftari: moja.

Hivyo siku ya kwanza vitatu, ya pili vitatu, ya tatu vitatu. Siku ya nne kikapita cha kumi, kikapita cha kumi na moja. Cha kumi na mbili kilijazwa, kikasawazishwa, kikagongwa, kikaongezwa. Kikakaa pale mezani kimejaa mpaka kinachungulia, na harufu ya karanga za moto ikapanda. Foleni ilikuwa inazungumza mambo yake. Mkurugenzi alikuwa akimweleza ofisa wa Masijala juu ya uvumilivu, na katikati ya neno uvumilivu mkono wake, ambao haukuwa na hili wala lile, ulinyooka wenyewe, ukachota kiganja, ukapanda juu.

Alitafuna mara mbili kabla hajaona kuwa foleni imenyamaza.

Babu Toroli alishikilia kalamu hewani. "Niandike ngapi, dada?"

Shangazi alikiinua kikombe, akakichungulia ndani, akazimimina karanga zilizobaki zote kwenye mfuko wa mwenyewe, polepole, mpaka punje ya mwisho.

"Andika kumi na moja, Babu," alisema. "Cha kumi na mbili kimehakikiwa. Nukta."